Tahariri – Lubumbashi: Mkata miti naye ni fundi, apewe kanuni, mafunzo na mahali pa kupeleka matawi

Jakaranda za Lubumbashi zimemwaga maua yake ya zambarau kwenye avenyi za mji, na kila mkaaji anajua maana yake: mvua iko karibu. Upepo wa kwanza utapita, matawi yaliyokauka yataanguka, waya za umeme zitakatika, na katika parseli zetu tutaanza kutafuta kijana mwenye panga, shoka na kamba. Tutamwonyesha mti, tutabishana bei, na hatutamuuliza kitu kingine chochote.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Mwaka uliopita, nyumbani kwetu kulikuwa na mti wa avoka uliozeeka na kuegemea upande wa jirani. Vijana wawili walipita wakitafuta kazi, tukaelewana. Mmoja alipanda pekupeku, bila mkanda, kamba ikiwa imefungwa kwenye tawi lile lile alilokuwa akilikata. Tawi lilipovunjika lilichana gome la mti, likazunguka na kuangukia manjanja ya jirani. Kijana akaanguka nalo, akavunjika kifundo cha mkono. Ndipo maswali yakaanza: nani atalipa hospitali? Nani atalipa manjanja? Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na bima, hakukuwa na patroni. Tulichangishana, jirani akanuna, kijana akakaa wiki nyingi bila kazi. Matawi yalichukuliwa na mwenye pusi-pusi kwa franka chache. Siku mbili baadaye niliona majani ya avoka ile ile yamelala ndani ya mtaro, mwisho wa avenyi yetu. Mvua iliponyesha, maji yalipanda hadi mlangoni mwa watu ambao hata hawakujua kwamba tumekata mti.

Sisimulii haya ili kumlaumu kijana yule. Kosa lilikuwa langu pia, na ni kosa la mji mzima. Tunaitendea kazi ya kukata miti kama kazi ya mtu aliyekosa kazi. Ukweli ni kwamba ni ufundi, tena ufundi wa hatari, na unaweza kuwalisha vijana wengi wa Lubumbashi kama utapewa kanuni zinazoeleweka.

Mji uliopandwa miti

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, katikati ya pori la miombo. Waliopanga mji walikata miti ya asili, kisha wakapanda mingine kando ya barabara. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, flamboyan ilitoka Madagaska. Wakaaji nao walijaza parseli zao maembe, avoka na mipapai. Leo mingi ya miti hiyo ni mizee. Mti mzee wa mjini una mashimo, una mchwa, mizizi yake imekatwa mara nyingi na wachimbaji wa bomba za maji na wajenzi wa ukuta. Hauwezi kuachwa tu, na wala haufai kuangushwa kwa sababu tu umezeeka. Unahitaji mtu anayejua kuusoma.

Tukumbuke pia kwamba nje ya mji pori linarudi nyuma. Nyumba nyingi za Lubumbashi zinapika kwa makala, na makala inatoka kwenye miombo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika kwa miaka mingi jinsi msitu huo unavyopungua kuzunguka mji. Upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda cha zamani cha Gécamines, moshi wa shaba uliofuata upepo kwa miongo mingi umeacha udongo ambao miti haioti kwa urahisi. Katika mji wa namna hiyo, kila kivuli kilichobaki kina thamani. Kukiondoa bila sababu ni hasara ya watu wote, hata kama mti uko ndani ya ukuta wa mtu mmoja.

Kukata si kuua

Kosa tunaloliona kila mwaka ni kukata kichwa cha mti. Mwenye parseli anaogopa upepo, anaagiza mti upunguzwe nusu, na kijana anabakiza shina lenye visiki. Kwa macho, hatari imeisha. Lakini mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi mengi kwa haraka, na machipukizi hayo yameshikilia juu ya gome tu, hayana mzizi wa ndani. Visiki vinaoza, maji yanaingia. Baada ya miaka michache matawi mapya yamekuwa mazito juu ya mbao iliyooza, na hatari ni kubwa kuliko mwanzo.

Fundi wa kweli anakata tawi kwa hatua tatu. Kwanza anakata kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Pili anakata kutoka juu, mbele ya mkato wa kwanza, tawi linaanguka bila kuchana gome. Tatu anaondoa kisiki kilichobaki, akifuata ile nundu iliyo kati ya tawi na shina, bila kuiingilia. Nundu hiyo ndiyo inayofunga kidonda. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Unajenga ukuta ndani yake kuzuia uozo usienee. Ukikata nundu ile, umeuvunjia ukuta. Na kupaka rangi au mafuta machafu ya gari juu ya kidonda, kama wengi wetu tunavyofanya, hakuzuii uozo.

Kama yule kijana wa parseli yetu angejua mikato hii mitatu, manjanja ya jirani yangekuwa salama. Ni somo la asubuhi moja, na halihitaji mashine yoyote.

Mashine inayokula mkono

Siku hizi vijana wengine wamepata tronsonezi, mara nyingi ya kukodi. Mashine hiyo inafanya kwa dakika chache kazi ambayo shoka lingeifanya kwa saa nzima. Pia inakata mguu kwa sekunde moja. Hatari yake kubwa ni kuruka nyuma: ncha ya juu ya ubao wa mnyororo ikigusa kitu kigumu, mashine nzima inarudi usoni mwa aliyeishika. Ndiyo maana imewekewa breki ya mnyororo mbele ya mkono wa kushoto. Tronsonezi ambayo breki yake imevunjika au imeondolewa haifai kuwashwa, hata kama mwenye mashine anasema iko sawa.

Anayetaka kufanya biashara hii ahesabu vifaa vya kumlinda kabla ya kuhesabu faida. Kofia ngumu yenye kinga ya uso. Vifuniko vya masikio, kwa sababu kelele ya tronsonezi inapita desibeli 100 na inaua masikio pole pole. Buti ngumu. Suruali maalumu yenye nyuzi ndefu ndani, ambazo mnyororo ukizigusa zinajisokota kwenye gurudumu lake na kuusimamisha. Kwa anayepanda, mkanda na kamba mbili, ili asibaki hata dakika moja bila kushikiliwa. Kamba ya kufungia mbuzi au ya kuvuta gari si kamba ya kumbeba mtu. Uingereza, vifaa vinavyombeba mtu juu ya mti vinapaswa kukaguliwa kila miezi 6 na mtu mwenye ujuzi. Hapa kwetu kamba inakaguliwa siku inapokatika.

Matunzo nayo ni fedha. Tronsonezi nyingi zinatumia mchanganyiko wa petroli na mafuta ya injini za mipigo miwili, kwa kawaida mililita 100 kwa lita 5, yaani sehemu moja kwa 50. Ukipunguza mafuta ili kubana matumizi, utaunguza injini. Mnyororo unanolewa kwa tupa ya duara mara unapoanza kutoa unga badala ya vipande. Mnyororo butu unamlazimisha mtu kusukuma, na mtu anayesukuma ndiye anayeteleza.

Halafu kuna umeme. Matawi mengi yanayotusumbua yako kwenye waya za SNEL. Lubumbashi tumezoea umeme kukatika, na kuna hatari katika mazoea hayo. Kijana anaona katiye nzima haina moto, anapanda mti akiamini waya zimekufa. Umeme unarudi bila kupiga hodi. Tawi bichi au lililolowa linapitisha umeme kama waya wenyewe. Kanuni iwe moja: tawi linalogusa au kukaribia waya halikatwi mpaka SNEL imekuja yenyewe kukata umeme na kuthibitisha. Na SNEL nayo, mkaaji akiomba, asizungushwe wiki tatu. Akichoka kusubiri, atamwita mwenye panga.

Matawi yaende wapi?

Hapa ndipo mji umeshindwa kabisa. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira inakataza kutupa takataka mahali ambapo zinaweza kuleta magonjwa au kudhuru watu na mali zao. Ni sheria nzuri. Lakini mkata miti wa Katuba, Kenya au Ruashi akiuliza apeleke wapi mzigo wa matawi, hatapata jibu lililoandikwa popote. Basi vigogo vinakuwa kuni au makala, na majani na matawi membamba, ambayo hayana mnunuzi, yanachomwa barabarani au yanaingia mtaroni. Wakati wa mvua tunakusanyika kwenye salongo kuzibua mitaro ambayo sisi wenyewe tuliiziba.

Matawi si takataka. Nchi zilizoendeleza kazi hii zinayapitisha kwenye mashine ya kusaga, na vipande vinavyotoka vinatandazwa chini ya miti na bustani. Vinashika unyevu wakati wa kiangazi, vinazuia magugu, na vinapooza vinakuwa mbolea. Mabwana na mabibi wanaolima mboga kando ya mito ya Lubumbashi wangefaidika navyo. Mashine hiyo ni ghali kwa kijana mmoja, na ni hatari pia. Inavuta mkono pamoja na tawi, kwa hiyo haitumiwi na mtu akiwa peke yake wala mtu mwenye nguo zinazoning'inia. Lakini haikosi uwezo wa mji wenye komini 7, wala wa chama cha mafundi 20 walioweka fedha pamoja. Hata bila mashine, uwanja mmoja ulio na ukuta katika kila komini, ambapo matawi yanakatwakatwa kwa panga na kulundikwa mpaka yaoze, ungepunguza mafuriko kuliko hotuba nyingi.

Kuna jambo jingine la usafirishaji. Tangu biashara haramu ya mukula ilipoutikisa mkoa wetu miaka ya 2010, gari lililobeba magogo linasimamishwa kwenye kila kizuizi. Ni haki lisimamishwe. Mukula uliwekwa kwenye orodha ya CITES mwaka 2019, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Lakini fundi aliyebeba vigogo vya mwembe uliokatwa Bel-Air naye anatolewa fedha kila kona, kwa sababu hana karatasi inayosema mzigo umetoka wapi. Kodi hiyo isiyo na risiti inaongezwa kwenye bei ya mteja, au inamfanya fundi atupe mzigo njiani usiku. Karatasi moja yenye anwani ya parseli, aina ya mti na saini ya katiye ingetosha kumtofautisha na mwizi wa msitu.

Sheria zipo, njia haipo

Hatuombi sheria mpya nyingi. Kodi ya Misitu ya mwaka 2002, yaani Sheria nambari 011/2002, inataja misitu ya miji miongoni mwa misitu inayoweza kulindwa na Leta. Sheria ya kazi ya mwaka huo huo inamlazimisha patroni kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Mfanyakazi anapaswa kuandikishwa CNSS, ili akianguka kutoka juu ya mti asiwe mzigo wa mama yake peke yake. Sheria ya bima ya mwaka 2015 ilifungua soko, SONAS haiko peke yake tena, kwa hiyo fundi anaweza kulinganisha bei za bima ya madhara kwa jirani.

Hata kuanza biashara si lazima kuwe mlima. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA inamtambua mfanyabiashara mdogo anayeanza kwa kutoa tamko tu, bila uzito wote wa kampuni. Anayekua anaandikisha kampuni kwenye dirisha moja la uandikishaji, anapata nambari ya RCCM na nambari ya kodi. Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu wateja wakubwa hawalipi mtu asiye na karatasi. Makampuni ya madini yaliyotuzunguka yana kambi, barabara na njia za waya zinazohitaji kusafishwa kila mwaka. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaweka kazi za namna hiyo za ukandarasi mdogo mikononi mwa makampuni yenye mtaji wa Wakongomani. Mlango uko wazi, lakini vijana wetu wanasimama nje na panga, bila kampuni, bila mafunzo, bila bima, na kazi inachukuliwa na wengine wenye makaratasi.

Kinachokosekana ni njia inayounganisha vitu hivi. Tunaiomba meya wa mji, mkoa na washiriki wao wafanye mambo manne.

Kwanza, kila komini iwe na daftari la wakata miti, bila malipo au kwa malipo madogo yenye risiti, na mtu mmoja anayejulikana wa kutoa ruhusa ya kukata mti mkubwa. Jibu litoke ndani ya siku chache. Mti wa hatari upate jibu siku hiyo hiyo.

Pili, INPP, ambayo iko hapa Lubumbashi na inafundisha ufundi wa aina nyingi, ifungue mafunzo mafupi ya kupanda, kukata, kutumia tronsonezi na huduma ya kwanza. Kitivo cha kilimo cha UNILU kitoe walimu wa kusoma afya ya mti. Wiki chache zingetosha kuanza.

Tatu, mji utenge viwanja vya matawi, na matawi yapokelewe bure kutoka kwa fundi aliyeandikishwa. Tukimtoza pale, atarudi mtaroni.

Nne, miti ya barabarani ihesabiwe na ikatwe matawi makavu wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa nane, kabla upepo haujaja. Leo tunasubiri mti uanguke juu ya gari ndipo tunaita watu, usiku, chini ya mvua, kwa bei mara tatu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna watakaosema kwamba mji wenye barabara mbovu na maji ya shida hauna muda wa kushughulikia miti. Tunawaelewa. Lakini mtaro ulioziba ndio unaoharibu barabara, na tawi lililoangukia waya ndilo linaloacha katiye gizani. Na uamuzi wa viongozi una nguvu. Mwezi wa Novemba 2020, Nairobi, mtini mkubwa uliokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100 ulikuwa ukatwe kwa ajili ya barabara mpya ya juu. Wananchi walipaza sauti, amri ya rais ikatoka, mti ukabaki na barabara ikajengwa.

Sisi wakaaji nasi tuna sehemu yetu. Kabla ya kumwambia kijana apande, tumuulize maswali matatu: mkanda wako uko wapi, waya ziko mbali kiasi gani, na matawi yatakwenda wapi? Kama hana majibu, tusimpandishe kwa sababu bei yake ni nzuri. Mkataba wa mistari mitano kwenye karatasi ya daftari, wenye bei, tarehe, nani anabeba matawi na nani analipa kikivunjika kitu, ungeniokoa mimi, jirani yangu na mkono wa mtoto wa watu.

Kijana yule amepona. Nilimkuta mwezi uliopita sokoni, akiuza makala. Nilimuuliza kama bado anakata miti. Akasema hapana, mama yake alimkataza. Alikuwa hodari wa kupanda, na mji huu una maelfu ya miti inayongojea mtu hodari. Tumempoteza fundi kwa sababu hakuna aliyemfundisha wala kumkinga, na mimi niliyemwajiri nilikuwa wa kwanza kutouliza.